Ngozi Ina Wenyeji Wake

Mwaka 1868, jijini Berlin, mwanafunzi wa udaktari mwenye umri wa miaka 21, Paul Langerhans, alichukua kipande cha ngozi ya binadamu, akakiloweka kwenye kloridi ya dhahabu, kisha akakitazama kwa darubini. Dhahabu ilikuwa imeingia kwenye baadhi ya seli na kuzitia weusi. Zilikuwa na matawi matawi, zimetapakaa katika tabaka la juu la ngozi. Kwa umbo lile, Langerhans akaamua kwamba ni sehemu ya mishipa ya fahamu. Hakuwa sahihi, na ilipita zaidi ya miaka 100 kabla wataalamu hawajakubaliana kwamba zile ni seli za kinga ya mwili. Mpaka leo zinaitwa kwa jina lake.

Wasomaji wa Geita, Kahama na Shinyanga mnaijua dhahabu kwa mengi, lakini hili huenda ni geni kwenu: ndiyo iliyotuonyesha kwa mara ya kwanza kwamba ngozi ina wakazi. Nalileta hapa kwa sababu ushauri mwingi wa ngozi unaotolewa mitaani, madukani na hata kwenye baadhi ya zahanati unaichukulia ngozi kana kwamba ni ganda tu, kitu cha kusugua, kupaka na kung'arisha. Ukishajua ni nani wanaoishi ndani yake na wametoka wapi, utajua pia kwa nini krimu fulani inatuliza leo na kuharibu kesho, na kwa nini doa lililopona miezi sita iliyopita linarudi palepale.

Kwa muda mrefu wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba seli zote za kinga huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, husafiri kwenye damu, hufika zinapohitajika, hufanya kazi na kufa, kisha nyingine huja. Kwa seli nyingi ndivyo ilivyo. Lakini mwaka 2002 mtafiti Miriam Merad na wenzake walionyesha kwa panya kwamba seli za Langerhans haziagizwi kutoka kwenye uboho. Hujizalisha zenyewe ndani ya ngozi. Miaka 10 baadaye ikafahamika kwamba chimbuko lake ni mimba changa: huanzia kwenye kifuko cha kiini na kwenye ini la mtoto aliye tumboni, kabla mifupa yake haijawa na uboho wa kutengeneza damu. Kwa binadamu, ushahidi mmoja mzuri ulitoka Lyon, Ufaransa, kwa mtu aliyepandikizwa mikono ya marehemu. Hata baada ya miaka 10, seli za Langerhans katika ngozi ya mikono ile zilikuwa bado ni za marehemu.

Ukitaka kuielewa ngozi, basi, fikiria mji wa Katoro. Wapo waliozaliwa pale na wazazi wao wakazaliwa pale. Wapo waliofika na rashi ya dhahabu wakitokea Tarime, Kigoma au Singida, wakidhani watakaa mwezi mmoja, na leo wana nyumba na wajukuu. Na wapo wapita njia. Seli za Langerhans, pamoja na sehemu ya makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu na uchafu katika tabaka la chini la ngozi, ndio wenyeji. Monosaiti zinazotoka kwenye damu ni wageni wanaoitwa kukiwa na vurugu. Halafu kuna seli T, ambazo huja kwa ajili ya vita moja na baadhi yake haziondoki tena. Ngozi ya mtu mzima inakadiriwa kuwa na seli T bilioni 20, karibu mara mbili ya zile zilizo kwenye damu yote.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba asili haiamui kila kitu. Mgonjwa aliyepandikizwa uboho wa mtu mwingine, baada ya wenyeji wa ngozi yake kuangamizwa na matibabu, huja kuwa na seli za Langerhans zenye chimbuko la yule aliyemchangia uboho. Seli zilizotoka kwenye damu ziliingia, zikapokea ishara za kemikali ambazo ngozi hutoa, zikaota matawi na kushika kazi. Mahali ndipo palipozipa utambulisho. Na si kazi ya ulinzi pekee: mwaka 2024 timu ya Muzlifah Haniffa, wa Uingereza, ilichapisha ramani ya ngozi ya mtoto aliye tumboni iliyoonyesha kuwa makrofaji husaidia hata kujenga mishipa ya damu ya ngozi hiyo.

Sasa tuje kwenye mambo ya nyumbani.

Seli ya Langerhans ikikamata kitu kigeni, huiacha ngozi na kusafiri hadi kwenye tezi za kwapani, shingoni au kwenye kinena, na huko hukionyesha kwa seli T. Tezi hizo zikivimba ndiyo mitoki. Kwa hiyo ukipata mtoki kwenye kinena, usikimbilie kuukanda wala kuuchanja. Tafuta kidonda kwanza, kuanzia kwenye unyayo na katikati ya vidole hadi sehemu za siri. Mchimbaji anayeshinda kwenye maji machafu ya duara akiwa amevaa buti la mpira lililotoboka huwa na jibu mguuni. Mtoki usiokwisha kwa wiki tatu au nne, hasa wa shingoni, ukiambatana na homa za jioni na kupungua uzito, unahitaji kipimo cha kifua kikuu na cha VVU.

Safari hiyohiyo ya kwenda kwenye tezi ndiyo inayozaa mzio wa ngozi. Fundi ujenzi anaweza kushika saruji mbichi miaka mitano bila tatizo, kisha mwaka wa sita mikono ikaanza kupasuka na kuwasha. Atakuambia, "Haiwezi kuwa saruji, mbona nimeizoea." Mzio hauzoeleki, hujengeka. Seli T zikishafundishwa kuichukia kromiamu iliyomo kwenye saruji, au kemikali zinazotumika kutengeneza mpira wa buti na glavu, hazisahau, na kila ukigusa tena, upele hutokea ndani ya siku moja au mbili. Hakuna dawa ya kufuta kumbukumbu hiyo. Kinachosaidia ni kuikinga ngozi isiguse kile inachokichukia.

Lakini kumbukumbu inayowasumbua zaidi watu wa machimboni, na kuvunja ndoa kadhaa, ni ya namna nyingine. Chukua kijana wa Nyarugusu. Anaharisha, anakwenda duka la dawa muhimu, anapewa Septrin. Saa chache baadaye mdomo wa chini unamwasha, linatokea doa la mviringo, jekundu linaloelekea zambarau, pengine na lengelenge katikati. Linakauka na kuacha weusi. Anasahau. Miezi kadhaa baadaye anameza dawa ileile kwa ajili ya kikohozi, na doa linarudi palepale, mara hii na mwenzake pembeni. Likitokea mdomoni, watu husema amelogwa au amenyweshwa kitu. Likitokea kwenye uume, mke anashutumiwa, au kijana mwenyewe anajichoma sindano za kaswende ambayo hana.

Hilo ni doa la dawa. Seli T zilizokuja kwenye mapambano ya kwanza zilibaki katika eneo lile dogo, nazo huamka kila dawa ileile ikiingia mwilini. Ndiyo maana halihami. Kwetu wahusika wakubwa ni dawa zenye salfa: kotrimoksazoli, ambayo ndiyo Septrin, na SP ya malaria. Zipo pia doksisaiklini, metronidazole, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Ukiliona doa la namna hiyo, jiulize ulimeza nini saa 24 zilizopita. Andika jina la dawa, tena jina la kitaalamu lililo kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, kwa sababu dawa moja huuzwa kwa majina mengi. Liandike nyuma ya daftari lako la hospitali na ulitaje kila unapotibiwa.

Na utalihitaji kweli. Mama mjamzito hupewa SP kliniki ili kumkinga na malaria. Anayeanza huduma za VVU kwenye kliniki ya CTC huweza kupewa kotrimoksazoli ya kuzuia magonjwa nyemelezi. Usimeze huku ukijua inakuletea doa, na usiitupe kimyakimya ukirudi nyumbani. Mwambie muuguzi, zipo njia nyingine. Ukiona, badala ya doa moja, homa, macho mekundu, vidonda mdomoni na ngozi inayochubuka kama iliyoungua, hiyo ni hali nyingine na ni ya hatari. Acha dawa hapohapo na uende hospitali kubwa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na bodaboda inataka pesa mara mbili.

Nimefika kwenye mkorogo, na hapa nitakaa kidogo.

Sokoni utakuta vikopo vidogo vya plastiki visivyo na lebo, krimu nyeupe au ya njano, muuzaji akichota kijiko hiki na kijiko kile na kukoroga mbele yako. Katika kukorogwa huko mara nyingi huingia kitu kimoja kati ya vitatu: haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki. Vyote vitatu vimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Tanzania. Haidrokwinoni nitaiacha kwa leo, ina makala yake. Steroidi na zebaki ndizo zinazogombana moja kwa moja na wenyeji wa ngozi.

Steroidi kali ya kupaka, kama clobetasol au betamethasone, ni dawa nzuri mikononi mwa daktari wa ngozi. Kazi yake ni kuzinyamazisha seli za kinga: seli T hutulia, seli za Langerhans hupungua. Kwa mtu mwenye pumu ya ngozi hiyo ni nafuu kubwa, kwa siku chache na sehemu ndogo. Kwa mtu mwenye fangasi ni balaa. Anapaka krimu ya mchanganyiko, ile yenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja ambayo huuzwa kwa kila muwasho, na muwasho unaisha siku ya pili. Anasifu. Lakini kilichoisha ni kelele za kinga, fangasi mwenyewe yupo na sasa hana wa kumzuia. Punye iliyokuwa duara safi lenye ukingo inatawanyika mpaka hata daktari haitambui kwa macho. Upaukaji unaotafutwa na wapaka mkorogo hupatikana kwa steroidi hizohizo, na baada ya miezi unakuja na chunusi, michirizi mapajani, vinyweleo usoni, ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya macho.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuacha: kama umepaka sehemu ndogo kwa wiki mbili tatu, acha. Kama umepaka mwili mzima kwa miezi au miaka, usikate ghafla bila kumwona daktari. Mwili hufikia hatua ya kupunguza utengenezaji wa steroidi zake za asili, na ukizikosa zote kwa mpigo unaweza kuishiwa nguvu, kutapika na presha kushuka. Uso nao huwaka na kuwa mwekundu kwa wiki kadhaa, hapo ndipo wengi hushindwa na kurudi kwenye kikopo. Jua mapema kwamba hali hiyo itakuja na itapita.

Zebaki ina hadithi ndefu zaidi katika ukanda wetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima waliolazwa kwa ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili na kumwaga protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa watumiaji wa krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huvuka ngozi, huingia kwenye damu na kuivuruga kinga hadi ikaanza kushambulia vichujio vya figo. Mgonjwa anavimba macho asubuhi, miguu jioni, mkojo unakuwa na povu, na hakuna anayemuuliza anapaka nini. Muulizeni.

Namna ya kuitambua? Kwenye lebo tafuta maneno mercury, mercurous chloride, calomel au ammoniated mercury. Kama hakuna lebo, usinunue. Na ipo dalili nyingine ambayo mchimbaji yeyote wa Rwamgasa ataielewa bila kufundishwa: krimu inayokuonya uvue pete na cheni za dhahabu au fedha kabla ya kupaka. Kwa nini krimu iogope dhahabu? Kwa sababu ileile inayowafanya muimimine zebaki kwenye beseni la mchanga uliosagwa: inaishika dhahabu. Mke wa mchimbaji akiona pete yake imegeuka nyeupe baada ya kupaka, ajue kilichopo kwenye kikopo ndicho kilichopo kwenye chupa ya mumewe. Zaidi ya hapo, krimu ya namna hiyo haibaki kwa aliyeipaka. Huhamia kwenye shuka, taulo na mashavu ya mtoto anayelala naye.

Kuhusu beseni lenyewe, mnajua yanayofanyika mialoni: mikono mitupu inakoroga zebaki na mchanga, kitambaa kinakamuliwa, donge linachomwa. Ngozi huipitisha zebaki kiasi, ila mvuke unaovutwa puani wakati wa kuchoma ndio mbaya zaidi, unapanda hadi kwenye ubongo na kuleta mikono kutetemeka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauvai glavu. Vaa wewe, tena nzima. Chomea nje, mbali na watoto, kwenye retoti inayorudisha mvuke kuwa zebaki ya kutumika tena, na kamwe si kwenye jiko la kupikia ugali. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Jua la Shinyanga halina haja ya maelezo. Miale yake hufanya mambo mawili kwa pamoja: huharibu vinasaba vya seli za ngozi, na hufukuza seli za Langerhans kutoka tabaka la juu, hivyo seli iliyoharibika inapoanza kugeuka saratani, waliotakiwa kuiona hawapo. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao seli zao za kinga ni kama za mtu mwingine yeyote ila hawana rangi ya kuzuia miale, saratani ya ngozi huanza katika ujana. Watoto wa kituo cha Buhangija, Manispaa ya Shinyanga, walipelekwa pale kwa sababu ya unyama wa watu walioamini kwamba kiungo cha mwenye ualbino kinaita dhahabu. Hakijawahi kuita hata punje. Kinachowaua wengi wenye ualbino kimyakimya ni jua. Kofia pana kuzunguka kichwa chote, maana kapelo huacha masikio na shingo wazi, mikono mirefu, mafuta ya kujikinga, kama Kilisun yanayotengenezwa KCMC Moshi mahsusi kwa ajili yao, yakipakwa tena kila baada ya saa mbili na midomo isisahaulike. Mwalimu, mpange mwanafunzi huyo akae mbali na dirisha la jua, na usimwadhibu kwa kuvaa kofia darasani. Kidonda au kigaga chochote kinachomaliza mwezi bila kupona kionwe hospitali. Hospitali ya Bugando wana huduma za saratani.

Maneno machache kuhusu wembe. Anayetafuta bahati ya dhahabu kwa kuchanjwa chale anafungua mlango katika tabaka lenye wenyeji wengi, na wembe wa watu watano hupitisha VVU na homa ya ini. Vivyo hivyo kwa vidonda vya zinaa. Utafiti uliotoka Amsterdam mwaka 2007 ulionyesha kwamba seli za Langerhans zenye afya huweza kukamata VVU na kuviharibu. Virusi vikizidi, zenyewe huwa njia ya kuvipitisha. Panapokuwa na kidonda, ulinzi huo huvurugika zaidi. Govi lina seli nyingi za aina ambazo VVU huzitafuta, ndiyo maana tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke, kama majaribio ya Kisumu, Rakai na Afrika Kusini yalivyoonyesha. Inapunguza, haiondoi. Kondomu ibaki mfukoni.

Mwisho, baka. Bakteria wa ukoma hufanya ujanja wa kuhamia ndani ya makrofaji, seli zilezile zilizotakiwa kuwaua, na kuishi humo miaka mingi. Baka lake haliwashi, haliumi, na hapo ndipo tatizo lilipo: watu hupaka dawa ya mba mwaka mzima. Ukiwa na baka lililofifia au lenye wekundu wa shaba, chukua uzi wa pamba, fumba macho, mwenzako aliguse kwa uzi huo, kisha aguse ngozi nzima ya pembeni, nawe uonyeshe kwa kidole kila unapoguswa. Usipohisi kwenye baka, nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo na useme waziwazi kwamba baka halina hisia. Dawa zake ni bure, hutumiwa miezi 6 au 12 kulingana na idadi ya mabaka, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza dozi, kwa hiyo sahani yake na kitanda chake vibaki pale vilipokuwa.